Mwenye Kocha

Friji!

Mwanamume aliyezaliwa Kilema, aliyelelewa chini ya migomba na kutumwa utotoni kumpelekea babu yake kata ya mbege, pombe yao ya ndizi na ulezi, alimtazama Agnela machoni bila haya na kumshauri aiweke kwenye friji mbege ambayo wakwe wangeileta kumposa binti yake.

"Si mpaka Jumapili tu, Mama Brenda?" alisema Mkurugenzi Aristides, huku akiizungusha saa yake ya dhahabu mkononi. "Kama hamna friji, yule mwenye bucha pale Kikatiti ana friji kubwa. Mwambie nimekutuma mimi."

Agnela aligeuka kuutazama mlango. Si kwamba alikosa la kusema. Aliyokuwa nayo yalikuwa mengi mno, na mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na nje kwenye benchi walikuwapo wazazi wawili waliokuja kubembeleza habari ya ada. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kwenye benchi hilo hilo. Alikaa hapo tangu kengele ya mapumziko, na kila mwalimu aliyepita alimpa pole kana kwamba ana msiba. Mke wa mwalimu wa shule hiyo hiyo! Na alipoitwa ndani hata kiti hakukaribishwa.

"Mkurugenzi," alisema hatimaye, "mbege haigandishwi. Ulezi umeshatiwa. Kesho inanyweka, keshokutwa ni siki. Wewe unajua."

"Najua, najua. Nilikuwa natania." Hakuwa anatania. "Lakini na wewe nielewe. Kesho ni Siku ya Wazazi. Mgeni rasmi anakuja. Kuna watu wenye uwezo wao wanatoka Arusha mjini, wana watoto, wanatafuta shule. Nitawaonyesha nini? Maabara?" Akacheka kidogo, maana maabara yenyewe bado ilikuwa stoo ya saruji. "Nitawaonyesha timu. Na timu bila kocha ni nini?"

"Nakuomba asubuhi moja tu. Wakwe wakishaondoka atakuja."

"Mama, ukocha ni wito. Kocha hana Jumamosi. Mwalimu Gerson ni mtu wangu, lazima awepo. Nikikupa wewe ruhusa leo, kesho watanijia wake wa walimu wote."

"Ni mtu wako?"

"Wa shule, namaanisha."

"Nimesikia," alisema Agnela. Akafunga kanga yake vizuri, akaaga, akatoka. Neno lile hakuliacha ofisini. Aliondoka nalo.

Miaka hiyo ilikuwa ya ruksa, biashara za watu binafsi zilipofunguliwa milango. Kila aliyepata fedha alijenga ama gesti ama shule, na Aristides, aliyepata zake kwenye mawe ya Mererani, alijenga vyote viwili. Gesti ikawa mjini, na shule ikawa kando ya barabara kuu ya Moshi, na kuta zake akazipaka rangi ya bluu ya jiwe lililomtajirisha. Akaiita Blue Stone. Wenyeji wakaiita Blustoni. Shule za namna hiyo zilikuwa zinachipua kila kona kuanzia Kisongo hadi Himo, na mzazi mwenye fedha angetazama kuta za bluu, kijani na njano asijue ipi ina walimu na ipi ina kuta tu. Aristides hakuwa mjinga. Alijua kwamba mtu hawezi kuiona hesabu ikifundishwa akipita na gari, lakini kombe la mpira linaonekana kwenye kabati la kioo.

Kombe lilitoka wapi? Lilitoka kwa Gerson. Yeye aliajiriwa kufundisha jiografia. Ukocha aliongezewa juu, kama anavyoongezewa punda gunia la mwisho. Januari ilikuwa ya kuchuja wachezaji wapya. Masika, hata ng'ombe wanapofungiwa zizini, yeye alikuwa kwenye matope anawakimbiza vijana kupanda na kushuka kilima cha nyuma ya bweni. Juni ilikuwa mashindano ya shule za sekondari, na kabla ya Juni kambi, na baada ya Juni mechi za kirafiki ambazo hazikuwa na urafiki wowote. Shule ilipofungwa kwa wengine, kwake ilifunguliwa. Na Desemba, wakati kila Mchagga mwenye nauli anapanda kwao kula Krismasi, Gerson alibaki Blustoni na watoto ambao wazazi wao walilipia "kambi maalumu". Kwa yote hayo alipokea mshahara wa mwalimu wa jiografia, na baada ya mechi, soda.

Lililomuudhi Agnela kuliko yote ni kwamba mumewe aliupenda mpira. Angekuwa anauchukia, wangeshautupa zamani. Lakini Gerson alikuwa anatoka nyumbani alfajiri na ile filimbi shingoni akiwa na uso wa mtu anayekwenda arusini, na Aristides aliliona hilo pia, akalitumia.

*

Kutoka ofisini Agnela alipitia uwanjani. Gerson alikuwa na vijana wake, suruali ya michezo imepauka magotini. Hakuwa amelala nyumbani tangu Jumatano, kwa sababu timu ilikuwa kambini na kocha hulala na timu. Alipomwona mkewe alikuja mbio mpaka kwenye mstari wa chaki, na hapo akasimama, kana kwamba chaki ile ni ukuta.

"Amesemaje?"

"Amesema mbege iwekwe friji."

Gerson akataka kucheka, akaona uso wa mkewe, akaacha.

"Baba Brenda, wewe uliwaambia wakwe nini?"

"Niliwaambia waje Jumamosi."

"Na Mkurugenzi alipoirudisha nyuma Siku ya Wazazi ikaangukia Jumamosi hiyo hiyo, ulimwambia nini?"

Gerson alitazama chini. "Nilimwambia sawa."

"Ukasema sawa huku, ukasema sawa kule."

"Nilifikiri ataelewa. Halafu nikafikiri... mechi inaanza saa tano. Wazee wakifika mapema, nitatoroka kidogo, nionje, nirudi."

"Utoroke?" Sauti ya Agnela ilipanda mpaka vijana wakageuka. "Kwenda kwenye posa ya mwanao wa kwanza utoroke? Umekuwa mwanafunzi wa bweni?"

"Punguza sauti, mama."

"Sipunguzi. Mara ya kwanza walipokuja kuulizia, ulikuwa Babati na timu. Mara ya pili ulikuwepo, kata imefika midomoni, ukaitwa golikipa kaumia mguu, ukaondoka hujameza. Mshenga wao, Mzee Abdiel, alinitazama, Gerson! Alinitazama kama mwanamke aliyekodi mume wa kuonyesha watu. Na aliniambia kabisa, hii ni ya tatu. Ya nne hakuna."

Gerson alipangusa uso kwa mkono. Alikuwa anaona aibu, na aibu ilikuwa ya kweli. Lakini nyuma yake kijana mmoja aliita, "Mwalimu, tunaanza kona?" na shingo yake ikageuka yenyewe.

Agnela aliona shingo ile ikigeuka. Alikwenda zake bila kuaga.

*

Jumamosi asubuhi nyumba ilinukia nyama na ndizi. Elifuraha, wifi yake Agnela, alikuwa amefika tangu jana yake kusaidia jikoni, na tangu jana hiyo hakuwa amefunga mdomo.

"Na mimi nasema hivi," alisema huku akimenya, "kaka yangu ni mzuri lakini hana mfupa wa mgongo. Tangu utotoni. Akiombwa kitu na watu wawili, anawapa wote wawili, na kitu chenyewe ni kimoja."

"Shangazi, tafadhali," alisema Brenda.

Brenda alikuwa ameketi kwenye kigoda, nywele zimesukwa vizuri, gauni jipya juu ya magoti limefunikwa kanga lisichafuke. Alifanya kazi kwenye duka la dawa mjini, na huko ndiko alikokutana na Arnold, ambaye alikuja kununua panadoli siku tatu mfululizo bila kuumwa kichwa. Watu walicheka habari hiyo. Leo Brenda hakucheka. Aliwajua watu wa Arnold. Walikuwa watu wa Machame wanaoshika mila kama wanavyoshika sala, na Arnold hakuwa mtu wa kumwoa msichana ambaye wazee wake wamemkataa. Alishamwambia hivyo mwenyewe, na machozi yalimtoka alipokuwa akisema.

"Mama," Brenda aliuliza, "baba anakuja?"

Agnela alikuwa anafuta meza iliyokwisha kufutwa. Kutoka Blustoni, ng'ambo ya mashamba ya mahindi, filimbi ililia. Sauti ile iliingia nyumba hii kila siku ya Mungu, Jumapili wakati wa sala, Ijumaa Kuu, siku ya kipaimara cha Brenda.

"Umemsikia," alisema Agnela. "Huyo ndiye baba yako."

Wageni walifika na pikapu. Mbele alikaa Mzee Abdiel, baba mkubwa wa Arnold na ndiye mshenga, kofia kichwani, bakora kati ya magoti. Nyuma walikaa wazee wengine na akina mama wawili, na katikati yao, limefunikwa majani ya mgomba, pipa la mbege. Pikapu ilisimama nje ya uzio wa michongoma. Wanaume wawili wakaruka chini kushika pipa.

Hapo Agnela akafanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Alitoka mbio mpaka barabarani, mikono juu.

"Msishushe!"

Wakamtazama. Elifuraha alikuwa ameshaanza kigelegele, kikamkwama kooni.

"Shikamoo baba," Agnela alimwambia Mzee Abdiel, akainama kumsalimia pale pale dirishani.

"Marahaba mwanangu. Kuna nini? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba baba. Baba Brenda ni mzima kabisa. Lakini naomba mbege isiguse chini kwanza."

Mzee Abdiel alielewa haraka kuliko wote. Katika ukoo wao, mbege ya posa ikishatua kwenye uwanja wa kina binti, ziara imeanza, na ikianza bila baba kuinywa, inarudi na walioileta, na posa imekufa. Angekuwa mgonjwa au amesafiri mbali, wangemkubali ndugu yake kwa niaba. Lakini baba mzima, anayesikika filimbi yake, nani angemwakilisha?

"Yuko wapi?" aliuliza mzee.

Filimbi ililia tena. Hakuna aliyehitaji kujibu.

Mzee Abdiel alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu liko humo. "Mama Brenda, mimi nina miaka mingi. Sijapata kudharauliwa mara tatu na nyumba moja. Binti yako tunampenda. Lakini nikirudi Machame nikisema nimekuja tena nimekuta filimbi, watanicheka na kijana watamtafutia kwingine. Dereva, geuza gari."

"Baba, nisikilize," alisema Agnela. "Jana nilikwenda kumwombea ruhusa. Mwenye shule aliniambia maneno haya, sikuongeza wala sikupunguza. Alisema, Mwalimu Gerson ni mtu wangu. Sasa mimi nimefikiri usiku kucha. Kama mume wangu ana mwenyewe, basi mmekuja nyumba isiyo yake. Mbege hii ingepelekwa kwa mwenyewe."

Ndani ya pikapu mama mmoja akaguna, "Heeh!" na mzee mmoja akaanza kucheka kwa kikohozi.

Mzee Abdiel hakucheka. Alirudisha kofia kichwani polepole. "Alisema mtu wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Mchagga huyo?"

"Wa Kilema."

"Na alisema nini habari ya mbege?"

Agnela alisita. Hili lilikuwa zito. "Alisema tuiweke kwenye friji ya bucha."

Mzee Abdiel akafungua mlango wa gari, akateremka, akasimama wima na bakora yake. "Dereva," alisema, "geuza gari. Lakini polepole. Sisi tutatembea mbele."

Brenda alikuwa amefika getini, amesikia. "Mama! Mbele ya watu wote wale? Mama, nitaiweka wapi sura yangu?"

"Juu ya shingo yako," alisema Agnela. "Na uinyanyue. Hujaiba kitu. Chukua kata, twende."

*

Uwanja wa Blustoni ulijaa. Chini ya turubai la bluu walikaa wazazi kutoka mjini na miwani yao ya jua, na katikati, kwenye kochi lililotolewa sebuleni kwa Mkurugenzi, mgeni rasmi, mama wa makamo mwenye kilemba. Aristides alikuwa pembeni yake akimweleza juu ya maabara.

Msafara wa posa uliingia kwa geti kubwa. Mbele wazee, nyuma yao pikapu ikitambaa na pipa lake la majani, na nyuma ya pikapu wanawake, na nyuma ya wanawake nusu ya watu wa sokoni waliofuata kuona kuna nini. Elifuraha alikipata kigelegele chake, akakiachia. Watazamaji wakadhani ni sehemu ya ratiba, wakapiga makofi.

Mzee Abdiel hakuingilia mchezo. "Kazi ya mtu haikatizwi," alisema, na wakasimama kando ya mstari, jua likiwapiga. Gerson aliwaona. Alikuwa upande wa pili wa uwanja, mdomo wazi, na kuanzia hapo hakuna aliyemsikia akitoa amri yoyote. Mapumziko yalipofika, Mzee Abdiel alikohoa, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya turubai.

Aristides alikuwa ameshasimama. Alimtambua mtu mzima alipomwona, na malezi yakamshinda. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwenye shule?"

"Ndiyo mimi. Karibuni, lakini leo tuna..."

"Na ndiye mwenye Mwalimu Gerson?"

Aristides alimwona Agnela nyuma ya mzee. Uso wake ukabadilika. "Sikukuelewa, mzee."

"Nitakueleza." Mzee Abdiel alizungumza bila kupaza sauti, lakini alikuwa mzee wa kanisa miaka mingi na sauti yake ilizoea kufika viti vya nyuma. "Sisi kwetu binti huombwa kwa baba yake. Mara ya kwanza tulimfuata baba, tukaambiwa umempeleka Babati. Mara ya pili tulimkuta, ukamwita kata ikiwa mdomoni. Leo tumeambiwa kwamba tulikuwa tunakosea njia. Kumbe baba huyu ana mwenyewe. Krismasi yake ni yako, Pasaka yake ni yako, Jumamosi na Jumapili yake ni yako. Basi mtu ambaye siku zake zote ni zako, na binti yake si wako? Ndiyo maana tumekuja kwako. Bwana mwenye kocha, tunaomba binti."

Mtu mmoja alicheka nyuma, kisha wengine kumi, kisha uwanja mzima. Aristides alitabasamu, na tabasamu likakauka.

"Mzee wangu, huu ni utani. Mimi ni mwajiri tu."

"Mwajiri ana siku zake, na mtu ana siku zake. Nionyeshe siku moja ya Mwalimu Gerson ambayo si yako, niombe msamaha mbele ya watu hawa."

Aristides akafungua mdomo. Wazazi wa mjini walikuwa wamevua miwani. Alitafuta siku, ikaonekana wazi kwamba anaitafuta, na hakuipata.

Mgeni rasmi akainama mbele. "Hivi huyu mwalimu," aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka tu kujua, "kwa huo ukocha wa mwaka mzima analipwa nini?"

Aristides alianza kueleza habari za moyo wa kujitolea.

"Soda," alisema Agnela.

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja bei. Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo lilimpiga Aristides kuliko kicheko.

Gerson alikuwa amefika. Alisimama kati ya turubai na pikapu, filimbi shingoni, jasho likimtiririka, na vijana wake kumi na mmoja wamejipanga nyuma yake kama vifaranga. Macho yote yalimhamia. Aristides aliona upenyo, akaurukia.

"Mwalimu," alisema kwa ukali wa bosi, "vijana wanakungoja. Kipindi cha pili kinaanza. Haya mambo ya nyumbani mtayamaliza nyumbani."

Agnela alimtazama mumewe. Alijua kwamba sasa hivi, hapa, ndipo ilipo ndoa ya mwanawe, na pengine na ya kwake pia. Alimwona Gerson akigeuka kuwatazama vijana, shingo ile ile. Akasema ndani yake, basi, nimekwisha.

"Mabeki msipande," Gerson aliwaambia vijana. "Wale jamaa ni wepesi kurudi. Saning'o, wewe nahodha, utapanga wewe. Mnajua yote ninayoyajua."

"Na wewe Mwalimu?" aliuliza Saning'o.

"Mimi binti yangu anaposwa."

Akaivua filimbi. Kamba ilinasa sikioni, akaikwamua, akaiweka mkononi mwa Aristides na kuvikunja vidole vya mwenye shule juu yake, mmoja mmoja. "Kipindi cha pili ni chako, Mkurugenzi."

Kisha akamgeukia Mzee Abdiel, akapiga magoti kwenye nyasi na suruali yake iliyopauka. "Shikamoo baba. Nimewakosea mara mbili. Nisameheni."

"Marahaba," alisema mzee. Akawageukia waliobaki kwenye pikapu. "Sasa shusheni."

Pipa likatua kwenye mstari wa chaki, nusu ndani ya uwanja, nusu nje. Wakalifunua. Harufu ya ndizi na ulezi ikaenea chini ya turubai mpaka baadhi ya wale wenye miwani wakajikuta wanameza mate, maana nao walikuwa na babu zao. Brenda akatoka mbele na kata. Kichwa chake kilikuwa juu kama mama yake alivyomwagiza, ingawa machozi yalikuwa yanashuka. Mzee Abdiel akaonja kwanza, kama ilivyo ada, kuonyesha kwamba kilichomo hakina hila, akampa Gerson.

Gerson hakuonja. Alikunywa mpaka chini, polepole, koo likipanda na kushuka mbele ya wazazi, mgeni rasmi, watu wa sokoni na mwenye shule aliyeshika filimbi. Alipoishusha kata ilikuwa tupu, na vijana wa Blustoni, ambao hakuna aliyewaambia, wakashangilia kama wamefunga goli.

Agnela alilia hapo. Hakujificha kwenye kanga, alilia wazi.

*

Jumatatu Aristides alimwita Gerson ofisini, na kiti hakumpa. Alimwambia kwamba amemdhalilisha mbele ya mgeni rasmi, kwamba wazazi wawili wa mjini wameondoka bila kuchukua fomu, kwamba ukocha sasa amepewa mwalimu kijana asiye na familia, na kwamba habari ya jiografia itaangaliwa muhula ukiisha. Gerson alirudi nyumbani akamweleza mkewe yote hayo akiwa amesimama mlangoni.

"Na wewe ulisemaje?" aliuliza Agnela.

"Nilisema hapana."

"Hapana kwa kipi?"

"Aliniambia nikimwomba msamaha mbele ya shule yote, nitarudishiwa filimbi. Nikasema hapana." Akajiangalia mikono kama mtu aliyeshangazwa nayo. "Si neno gumu, kumbe."

Agnela hakujidanganya. Muhula ungekwisha, na mshahara pengine ungekwisha nao. Kahawa ilikuwa haina bei, na arusi ilikuwa mbele. Elifuraha alikuja kumwambia kwamba ameiponza nyumba kwa ajili ya pipa moja. "Nimeiponza nyumba gani?" Agnela alimjibu. "Hiyo niliyokuwa nakaa peke yangu?" Hakujuta, wala hakutaka kujifanya anajuta.

Wiki ile jioni zilikuwa za ajabu. Gerson alikuwa nyumbani na jua bado lipo. Alipogoa migomba, akaziba zizi, akagundua kwamba jirani mpya, Kaanaeli, alishahamia na kuoa bila yeye kujua. Filimbi ilipolia kutoka Blustoni, mikono yake ilisimama. Agnela aliona. Alimwacha.

"Anapuliza mno," alisema Gerson jioni moja. "Ukipuliza mno hawakusikii."

"Unawakumbuka."

"Nawakumbuka sana," alisema, na hakuona haya kulisema. Kisha akaendelea na panga lake.

Ijumaa jioni filimbi haikulia kabisa. Badala yake gari la shule lilisimama nje ya michongoma, dereva akapiga honi, mara mbili, akaona hatoki mtu, akateremka. Alikuwa Dismasi, mtu mwema, anayeonekana wazi kwamba ametumwa asikopenda.

"Hodi, Mama Brenda. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu."

"Sikai. Nimeagizwa na Mkurugenzi. Vijana leo wamekaa chini katikati ya uwanja, hawataki mazoezi. Wanasema wanamtaka kocha wao. Na Jumapili kuna mechi. Mkurugenzi anasema Mwalimu aje mara moja, apande gari, mengine watayazungumza huko huko."

Agnela alitazama upande wa migombani. Gerson alikuwa amesimama huko, panga limeshuka, amesikia kila kitu. Uso wake uliwaka, na Agnela alimpenda kwa kule kuwaka, maana huyo ndiye aliyemwoa. Lakini Gerson hakusogea. Alikuwa anamtazama mkewe.

"Kamwambie Mkurugenzi," alisema Agnela, "mtu wa nyumba hii haitwi kwa honi. Huombwa. Na anayeomba hufika mwenyewe kwa miguu yake, hukaa kwenye benchi letu pale nje mpaka akaribishwe, halafu husema anamtaka siku zipi, na kwa malipo gani, na zipi anatuachia. Na haji mikono mitupu. Huja na mbege."

Dismasi alijikuna kisogo. "Mama, nimwambie hivyo hivyo? Kweli?"

"Kweli kabisa," Gerson alijibu kutoka migombani. "Na isiwe ya friji."